Benki haijui kusi: chaji, ovadrafti na Fuliza kwa sisi tunaokula pesa za msimu

Mwezi wa tano hapa Amu (Lamu), msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, ukisimama gatini asubuhi ni boti zimefungwa tu, bahari imechafuka, gesti nyengi zimefunga na wenyewe wanapaka chokaa wakingoja mwezi wa saba. Lakini standing oda ya mkopo (lile agizo la benki kukukata kila mwezi) haijui kusi wala kaskazi, tarehe yake ikifika inapita, na isipokuta pesa inakuachia faini. Hapo hapo stima inataka tokeni, ustadhi anataka ada ya chuo, na simu inakuuliza kama ungependa kufuliza, yaani ukopeshwe na M-Pesa pale salio halitoshi.

Mie nina vyumba viwili vya wageni Langoni na napika mahamri na sambusa za oda, mume wangu ni nahodha wa mashua ya kuzungusha watalii, yaani nyumba nzima tunategemea wageni. Kuanzia Disemba mpaka Machi pesa inaingia kwa fujo, baadae inakatika. Ushauri wa pesa ninaousoma mitandaoni mwingi umeandikwa na watu wa mshahara, eti weka kiasi kadhaa kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi gani sasa? Ndio nikaona niandike vile sisi tunafanya, manake chaji nyingi zinazotukula si kwamba hatuna pesa kabisa, pesa ipo ila haiko pale inapotakiwa siku ile inayotakiwa.

Anza na stetimenti. Si ile ya kwenye appu inayoonyesha mistari michache, omba ya miezi sita, wanakutumia kwa imeli. Kaa nayo chini na kalamu, kila mstari ambao si wewe uliyetoa pesa upigie duara. Kwangu kulikuwa na ada ya akaunti, ada ya meseji (ndio, ile meseji ya kukwambia umekatwa pesa nayo unakatwa pesa), ada ya standing oda kukosa pesa, riba ya ovadrafti (ile ya kutumia zaidi ya ulichonacho kwenye akaunti), na chini ya ada moja moja kuna kamstari kadogo ka ushuru wa serikali, ekisaizi. Ukijumlisha vile vya mia mia na hamsini hamsini unashangaa.

Kilichonichoma zaidi ni ile ada ya standing oda kukosa pesa. Mkopo wa friza ulikuwa unakatwa tarehe moja, na kampuni ya bukingi inanilipa katikati ya mwezi, wageni washaondoka. Kwa hivo tarehe moja akaunti kavu, faini. Wiki mbili mbele pesa imejaa. Nikaenda benki, nikapanga foleni, kijana wa mikopo akaangalia kompyuta akaniambia, "Bi, tarehe hii iko kwenye fomu uliyosaini." Nikamwambia haya mwanangu, sasa tuibadilishe iwe tarehe ishirini. Akanyamaza kidogo, akavuta droo, akatoa fomu ya ukurasa mmoja. Nikasaini, akapiga stampu, basi. Bure. Miaka yote hiyo fomu ilikuwa ndani ya droo na hakuna mtu aliyewahi kuniambia ipo, na wala sidhani wangeniambia, kwa nini wakwambie na ile faini ni mapato yao?

Kwa hivo cha kwanza ni tarehe. Jua pesa yako huingia lini, halafu sogeza makato yote yaje nyuma yake kwa siku mbili tatu, kwa sababu pesa ya kutoka nje inaweza kuchelewa na wikendi benki hazihesabu. Ukibadilisha uliza pia ile riba ya siku za katikati inahesabiwa vipi, usije ukashangaa malipo ya kwanza yamezidi kidogo.

Ovadrafti sasa. Watu wanaiogopa mahali si pa kuogopa na wanaipuuza mahali inapouma. Ile ya kukubaliana na benki, yenye limiti iliyoandikwa, riba yake inahesabiwa kila siku kwa kile ulichotumia tu, si kwa limiti nzima. Piga hesabu, tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka na umeingia ndani elfu 20, kwa siku ni kama shilingi kumi. Siku kumi ni kama mia. Si kitu cha kukukosesha usingizi. Panapouma ni pengine, kuna ada ya kufunguliwa ile limiti, na mara nyingi kuna ada ya kuihuisha kila mwaka hata kama hukuigusa, na ukipita limiti ama ukaingia ndani bila makubaliano riba inakuwa nyengine kabisa na ada juu yake. Na benki inaweza kuidai yote wakati wowote, hio iko kwenye mkataba, soma. Kwa mtu wa msimu kama mie ovadrafti ni ya kuvuka wiki, si ya kuvukia kusi nzima. Ukiona miezi mitatu hujarudi juu ya sufuri hata siku moja, hio si ovadrafti tena, ni mkopo wa bei mbaya, nenda ukaombe mkopo wa kawaida wenye muda na uifunge ile.

Na kama mambo yamekuharibikia kabisa, deni limekaa mpaka benki imeliandika kuwa halilipiki, kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinachosema riba watakayokudai haiwezi kuzidi lile deni lililokuwa limebaki wakati liliposimama kulipwa. Wengi hawakijui hichi. Nimeona mzee akidaiwa pesa za ajabu, na mtu wa benki alipotajiwa hicho kifungu kwa namba sauti ilishuka.

Fuliza ndio ovadrafti ya wengi wetu, tangu 2019. Mie sisemi ni mbaya, imeniokoa usiku tokeni zimeisha na wageni wako chumbani na feni imesimama. Lakini ielewe. Unakatwa asilimia 1 pale pale unapofuliza, halafu kuna ada ya kila siku. Oktoba 2022 walipunguza, na deni lisilozidi elfu moja siku tatu za kwanza halina ada ya siku. Ya mia kushuka chini haina ada ya siku kabisa. Lakini ile ada ya siku inakwenda kwa makundi, si kwa asilimia, na kundi la juu linaanzia 2,501 kwenda mpaka 70,000, yaani aliyefuliza elfu tatu analipa ada ya siku sawa na aliyefuliza elfu sitini. Kwa hivo kwa kila shilingi, deni la elfu tatu ni ghali kuliko la elfu sitini ukilikalia. Ukiweza kulipa hata nusu ulishushe kundi, lipa leo, usingoje ukamilishe.

Kwa pesa ndogo ya wiki mbili kuna watu hawaijaribu Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, kwa sababu ya siasa, basi wanaikosa. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, ukikopa elfu moja kwa siku 14 riba ni kama shilingi tatu. Hupati yote mkononi, asilimia 5 inawekwa akiba, na limiti ya wengi ni kidogo. Lakini shilingi tatu jamani.

Shida ya Fuliza ambayo watu hawaisemi sana ni kwamba pesa yoyote ikiingia kwenye laini inachukuliwa kwanza, haiulizi ni ya nani. Mtaani kwetu kuna dada mmoja ni mshika pesa wa mchezo, kina mama wakamtumia zamu yao kama kawaida, mmoja mmoja, na kila ikiingia inamezwa kwa sababu alikuwa ana Fuliza ya dawa za mtoto. Jioni anayepokea zamu yuko mlangoni anasubiri, na wenzake wote wana meseji za kuonyesha wametuma. Aliuza kikuku akalipa, na mpaka leo kuna wanaomnong'ona kwamba alikula, na hakula. Ukishika pesa za watu, mchezo ama mchango wa matanga ama wa harusi, chukua laini nyengine ambayo haina Fuliza na usiiguse kwa mambo yako. Laini ni bei gani? Na kama unayo moja tu, lipa deni kwanza halafu ujitoe Fuliza, inawezekana kujitoa, ndio uwape watu namba.

Haya, twende kwa kutoa pesa, hapa ndipo inapovuja kila siku bila kelele. Kwa viwango tunavyolipa sasa kutoa kwa ejenti chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Mia mbili ni 29, elfu mbili na mia tano ni 29. Ukitoa mia tano mara tano umelipa 145 badala ya 29. Na ukitoa 2,600 unaruka kwenda 52 kwa sababu ya ile mia ya juu. Mume wangu alikuwa anatoa mia tano kila asubuhi ya mafuta ya boti, nikamwambia toa 2,500 mara moja unipe mie nikuwekee, akasema nikikupa wewe haitarudi. Hio ni kesi nyengine. Tulikubaliana akanunue mafuta kwa tili, ile namba ya malipo ya duka, manake ukilipa kwa tili ya Lipa na M-Pesa mnunuzi hukatwi kitu, anayekatwa ni muuzaji. Siku hizi karibu kila duka la barabara kuu lina tili, uliza. Kama muuzaji anakwambia mtumie kwenye namba yake ya kawaida, jua anakusukumia chaji yake. Na kutuma mia kushuka chini ni bure, ndio maana utaona mtu anamtumia mwenzake mia, halafu mia, halafu mia nyengine, ukidhani simu yake imeharibika.

Kuhamisha kutoka benki kuja kwa simu nako. Enzi za korona, Machi 2020, ilifanywa bure, tukazoea kuvuta mia tatu tatu kama tunachota maji mtungini. Januari 2023 chaji zikarudi, tabia yetu ikabaki ile ile. Mie navuta mara moja kwa wiki, Jumamosi, ya jikoni na ya nyumba pamoja, na ikiisha Alhamisi tunakula kwa daftari la duka.

Na msilidharau daftari la duka. Mwenye duka wa mtaa anakupa unga na mafuta, anaandika, hakuna asilimia wala ada ya siku. Sharti lake ni uso wako, umlipe siku uliyosema na ukishindwa upite mwenyewe umwambie, usizunguke uchochoro wa nyuma. Lakini na yeye ana standing oda zake, usimbebeshe kusi nzima.

Ndugu zetu wa Faza na Kizingitini na kwengine visiwani hesabu yao ni nyengine tena, nauli ya boti kuja Amu kwenda benki inaweza kushinda ile chaji unayoikimbia. Kwa nyinyi ejenti wa benki aliye karibu ni bora hata akiwa na ada kidogo ya kutoa, kuweka mara nyingi ni bure, na mambo ya kusaini fomu yakusanyeni mje siku moja.

Kuna watakaoniuliza mbona nazungumza riba kama nazungumza bei ya nazi. Sikusahau. Benki kamili za kiislamu zilianza Kenya 2008, Gulf African Bank na First Community ambayo sasa inaitwa Premier Bank, na benki za kawaida nyengine zina dirisha la kiislamu. Pale hakuna ovadrafti ya riba, wanakununulia kitu wanakuuzia kwa faida mnayoijua mwanzo. Mie akaunti yangu ya akiba iko huko. Ila usidhani bila riba ni bila chaji, ada za kutoa na za kuhamisha zipo kama kwengine, omba orodha. Na kama ile ya Fuliza ni riba ama ni ada tu, muulize sheikh wako, si mpika sambusa.

Mwisho ni msimu wenyewe. Disemba pesa ikiingia kabla sijanunua hata shuka za vyumba napiga hesabu ya makato ya Aprila mpaka Juni, nayaweka yote kwenye akaunti ile ile inayokatwa, nayaacha hapo. Usilipe moja kwa moja kwenye mkopo ukidhani umelipa mbele, benki nyengine zinapunguza deni tu na mwezi ukifika zinakata tena kama hujalipa kitu, uliza na upate jibu kwa maandishi. Na ukikatwa ada usiyoielewa usigombane na keshia, hana uwezo wowote yule, andika barua, peleka nakala mbili, moja ipigwe stampu ya kupokelewa urudi nayo. Wakinyamaza unaipeleka Benki Kuu na ile nakala yenye stampu. Mie nilidai ada mbili za standing oda zilizokatwa baada ya kubadilisha tarehe, moja walinirudishia ndani ya mwezi bila neno. Ya pili wanasema mfumo ulikuwa haujasoma fomu, nimewaandikia tena.