Muulize Fundi: Kasha la biri kwa mbao za kwetu

Shikamoo fundi. Mimi ni seremala kijana, Bagamoyo. Mgeni mmoja Mjerumani anataka nimtengenezee kasha la kutunzia biri zake nene za Cuba, aondoke nalo kwenda Hamburg. Anataka mbao za hapa hapa, na unyevu wa ndani usimame kwenye asilimia 70. Nitumie mbao gani, na unyevu huo nitauzuiaje usitoke?

Marahaba mwanangu. Umepata kazi nzuri, ifanye bila haraka. Kasha hili litaishi katika hewa mbili kwa wakati mmoja. Ndani ni asilimia 70. Nje, kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, hewa hukauka hadi asilimia 40, hata chini ya hapo. Uso mmoja wa ubao utataka kuvimba na wa pili kusinyaa. Ubao usiotulia utapinda, kifuniko kitaachia upenyo, na biri zitakauka. Kwa hiyo chagua kwanza mti uliotulia, uzuri utafuata.

Kwa nje chukua mninga. Katika mbao zetu zote sijaona unaotulia kama huo ukishakauka vizuri, na rangi yake ya kahawia yenye dhahabu haihitaji kupambwa. Tumia moyo wa mti peke yake. Ule ukingo wa rangi ya manjano utupe, maana wadudu wanaopenda mbao huanzia hapo. Mvule nao unafaa, ila una vijiwe ndani vinavyoua meno ya msumeno. Mpingo ni mzito mno kwa kasha zima. Uweke kwenye kona tu, vipande vyembamba vya kufungia kiungo, na uufute kwa spiriti kabla ya gundi kwa sababu una mafuta. Vaa barakoa: vumbi la mbao zote hizi tatu linaumiza kifua.

Ndani ni sedrela, na hapa usibadilishe. Ndiyo mbao ambayo watengenezaji wa biri wenyewe huitumia: inanyonya unyevu na kuurudisha taratibu, na harufu yake inapatana na tumbaku. Si mti wa asili kwetu, ulitoka Amerika, na mgeni wako umwambie hivyo bila kuficha. Lakini umepandwa huku miaka mingi, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuisonga miti ya asili. Mimi hufurahi kila ninapoona ubao wa sedrela umepata kazi ya maana. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye vibali, usiende kukata hifadhini. Kagua kila ubao, wenye utomvu unaotoka weka kando.

Sasa ukavu. Mbao iliyokaushwa kwa hewa ya pwani bado ina maji mengi kwa safari ya Hamburg. Zipange kwenye chumba chenye kiyoyozi, weka vijiti katikati hewa ipite, na usiziguse hadi kipimo cha maji ya mbao kionyeshe kama asilimia 10. Ukiruka hatua hii, hakuna gundi itakayokuokoa.

Unga kasha likiwa limefungwa pande zote sita, ndipo ulikate kifuniko kwa msumeno, ili mistari ya mbao ipite mfululizo kutoka chini hadi juu. Ubao wa juu na wa chini uingie kwenye mifuo bila gundi, uachiwe milimita 2 kila upande wa kutanukia. Sedrela ya ndani, unene wa milimita 6 hivi, ipachike ikaze yenyewe, na ipande juu ya ukingo wa kasha kidogo ili kifuniko kikae juu yake. Ukingo huo ndio kasha lenyewe. Ufanyie kazi kwa randa kali, msasa hulegeza. Ukikiachia kifuniko, kishuke polepole kwa sababu hewa ya ndani inakizuia. Kisha washa tochi ndani, zima taa za chumba, uzunguke. Mwanga ukipenya mahali, rudia.

Nje paka mafuta au vanishi. Ndani usipake kitu chochote.

Kabla ya kuweka biri, mgeni aweke ndani kibakuli cha maji yaliyokenekwa, afunge, asubiri wiki moja au mbili hadi sedrela ishibe. Asiipanguse kwa kitambaa chenye maji, itapinda. Na asiliweke kwenye joto: ikizidi digrii 25, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa.

Tunza stakabadhi za mbao na umpe nakala. Mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, mninga tangu 2023. Ulizia ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, iliyo karibu nawe kabla hajasafiri.

Swali la msomaji mwingine: Mzee, huku Nyeri tuna mtarakwa unaonukia vizuri sana. Hauwezi kuchukua nafasi ya hiyo sedrela?

Hapana, dada yangu. Sedrela ni ndugu wa mkangazi na mwarobaini, mtarakwa ni wa ukoo mwingine kabisa, na mafuta yake ni makali. Biri zitalewa harufu hiyo ndani ya siku chache na hazitarudi. Mtarakwa wako utengenezee sanduku la mablanketi, nondo hawatalisogelea.