Muulize Daktari: Kinyama cha Uchunguzi na Hofu ya Saratani Kusambaa

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 46 na nimeota uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitalini nimeambiwa nitatolewa kinyama kwa sindano, kisha nikipeleke mwenyewe kwenye maabara mjini. Mama mkwe ananisihi nikatae, kwa kuwa jirani yake alitolewa kinyama na baada ya miezi michache akazikwa. Je, ni kweli kwamba uvimbe ukiguswa na chuma saratani husambaa? Mimi pia humeza aspirini kila siku.
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, hofu hiyo naisikia mara nyingi na siidharau, maana jirani alifariki kweli. Hata hivyo, wengi wetu huenda hospitalini saratani ikiwa tayari imesambaa, na kwa kuwa kipimo hufanywa karibu na kifo, lawama huiangukia sindano. Ni kweli kwamba seli chache zaweza kubaki katika njia ya sindano, lakini ni nadra zikue kuwa uvimbe mpya, na hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kukaa bila kujua unaugua nini. Ziko sehemu chache, kama korodani, ambazo madaktari huepuka kuzidunga. Titi si mojawapo.

Utatiwa ganzi, kisha vitatolewa vijinyama kadhaa vyembamba kama tambi. Baadaye pakandamizwe kwa dakika kadhaa. Kuvilia damu kidogo ni jambo la kawaida, ila damu isiyokoma, usaha au homa vikurudishe hospitalini. Kuhusu aspirini, mwambie daktari kabla ya siku yenyewe, wala usiiache kwa uamuzi wako, hasa ikiwa uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi.

Jambo ambalo hukuuliza, nami naliona zito kuliko yote, ni kile kichupa. Kinyama kinapaswa kutiwa mara moja katika formalini ya asilimia 10, yaani dawa ya kuhifadhi kinyama kisiharibike, ambayo ujazo wake ni takriban mara kumi ya kinyama chenyewe. Si maji, si spiriti, na kisiwekwe kwenye friza. Kabla hujaondoka, soma lebo: jina lako kamili, titi la upande gani, tarehe na saa. Hakikisha pia fomu imejazwa, kwa sababu mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza kinyama maabarani, asiyejua umri wako na historia ya uvimbe huo anasoma nusu ya habari. Formalini ni sumu, kwa hiyo ifunge vizuri na uiweke mbali na watoto.

Kinyama cha titi hutakiwa kukaa katika dawa hiyo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72 kabla ya maabara kukishughulikia. Kikitolewa Ijumaa asubuhi kikalala kabatini hadi Jumanne, vipimo vya homoni na vya HER2 (protini iliyo kwenye seli za saratani), ambavyo ndivyo huelekeza dawa utakazopewa, vyaweza kutoa majibu yasiyotegemeka. Omba basi utolewe mapema katika wiki, na upeleke kichupa siku hiyohiyo.

Majibu yakitoka, dai nakala ya ripoti na uitunze. Ukihamishiwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu au ya Moi kule Eldoret, huenda ukaombwa pia vioo vilivyopakwa kinyama chako na vipande vya nta vilivyokihifadhi, vilivyobaki maabarani. Hivyo usikubali vitupwe.

SWALI: Baba yangu alipitishwa mpira wa kamera kooni na kutolewa kinyama. Majibu yanasema hakuna saratani, lakini bado chakula kigumu hakipiti na anazidi kukonda. Tuyaamini majibu hayo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu, majibu hayo yanasema kwamba saratani haikuonekana katika vipande vilivyochukuliwa, basi. Huenda vilikuwa vichache, au vilichunwa pembeni mwa kidonda. Kwa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) unaoshukiwa kuwa na saratani, inafaa vichukuliwe angalau vipande sita. Mtu anayekonda na kushindwa kumeza hapaswi kurudishwa nyumbani kwa karatasi moja; mrejesheni kwa daktari wiki hii, mkiwa na ripoti ya kamera pamoja na ya maabara, na muulize waziwazi kama kipimo kitarudiwa.