PS5 ya diski au ya dijitali?

Mkuu, unauliza uchukue PS5, mashine ya gemu ya Sony, ya diski au ile ya dijitali isiyo na kisoma diski, ambayo gemu zake unapakua tu, kwa vile bei yake ni nafuu. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya diski. Gemu ukishaimaliza unaiuza, unabadilishana na mshikaji, au unasaka iliyotumika kwa bei ya kutupa. Ya kupakua imefungwa kwenye akaunti yako, huiuzi wala huirithishi kirahisi, na duka ni la Sony, bei wanapanga wao.

Ila usidhani diski ni kinga ya kila kitu. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka 2014. Seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha mtandaoni, zilipozimwa mwishoni mwa Machi 2024, hata wenye diski kabatini hawakuweza kucheza tena, maana gemu ile bila intaneti haiendi. Walibaki na plastiki! Kwa hiyo soma nyuma ya kasha kwanza uone kama gemu inadai intaneti.

Pesa ikikubana, tafuta ya dijitali ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023. Kisoma diski chake kinauzwa peke yake, unakipachika baadaye, na siku ya kukiunganisha lazima uwe na intaneti.