Malkia amemlamba Chapati, na mimi nina la kusema

Jumapili iliyopita jioni, nikiwa nakunja nguo, sungura wangu Malkia alijisogeza taratibu hadi kwa sungura mwenzake, Chapati, akamlamba juu ya paji mara tatu, kisha akajilaza ubavuni mwake. Nguo niliziacha palepale. Miezi minne nimengoja hilo. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia, shemeji yangu akajibu, "Hao wanaliwa lini?" Sitamjibu.

Juzi dada mmoja ameniandikia kuwa sungura wake "ana upweke", amemnunulia mwenzake, na wikiendi hii anawaweka pamoja. Dada yangu, ngoja kwanza nikusimulie.

Malkia ni jike mweupe wa aina ya New Zealand, kilo nne na ushee. Nilipomletea Tende, jike mwenzake wa miezi mitano, sikusoma wala kuuliza mtu. Nilifungua mlango wa banda wakati wa magharibi, nikamwingiza mgeni, nikawatupia mchicha, nikaenda kupika, moyo wangu mweupe kabisa. Usiku ule ndipo nilipojua kuwa sungura hulia. Unaweza kufuga miaka usiisikie sauti hiyo, na ukiisikia utadhani mtoto mchanga amefinywa. Nilipofika na tochi, manyoya yametapakaa kwenye wavu, sikio moja la Tende limechanika, ngozi ya tumbo imefunguka. Daktari wa mifugo alimshona asubuhi. Siku ya tatu akafa. Mume wangu akasema, kwa upole, kwamba ni sungura tu. Nilimwelewa, ila sijasahau.

Simlaumu Malkia. Kila pembe ya banda lile alikuwa ameipitishia kidevu, na chini ya kidevu sungura ana tezi; harufu ile ndiyo hati yake ya kiwanja. Mimi nilimwingizia mtu ndani ya nyumba yake usiku bila hodi. Wafugaji wa biashara wanalijua hili siku nyingi: wakitaka kupandisha, jike ndiye hupelekwa kwenye banda la dume, maana jike akiwa kwake ni mkali.

Mwaka mzima sikutaka habari ya sungura wa pili. Kisha nikamleta Chapati, mweupe mwenye madoa ya kuungua. Aliyeniuzia aliapa ni jike. Alipofika miezi mitatu na nusu korodani zikajitokeza, nikampigia muuzaji, akacheka, akakata simu. Mimba ya sungura ni siku 28 hadi 31 tu. Nisingekagua, sasa hivi ningekuwa nagawa vitoto mtaa mzima. Angalia mwenyewe chini ya mkia, na angalia tena baada ya mwezi.

Nikampeleka akahasiwe. Daktari akanionya kuwa dume aliyehasiwa hubaki na mbegu kwa wiki kadhaa, nikahesabu wiki sita kwenye kalenda ya ukutani. Chapati alikaa stoo peke yake, na ikawa heri, kwani masikio yake yalikuja kujaa magaga ya utitiri. Angekuwa kwa Malkia ningetibu wawili.

Baada ya hapo nikaweka mabanda mawili jirani, nikiacha nafasi katikati wasing'atane pua. Kila siku nilihamisha maranda machafu, ya huyu kwa yule, wazoeane harufu. Siku ya kwanza Malkia alipiga mguu chini usiku kucha, hakuna aliyelala. Wiki ya tatu akaanza kula ukoka wake upande wa Chapati. Hapo nikajua.

Wakakutana bafuni. Usicheke, ndipo mahali pekee kwetu ambapo hakuna sungura aliyewahi kupamiliki. Nilitandika mkeka wasiteleze, nikamwaga majani ya viazi vitamu, nikakaa juu ya ndoo na taulo nene mkononi. Dakika kumi, basi. Malkia akampanda Chapati mgongoni. Ndiyo, jike kampanda dume! Anaonyesha nani mkubwa, mwache. Cha kukutia mbio ni masikio yaliyolala nyuma na mkia juu, au wakianza kuzungukana kama pia, kila mmoja akitafuta nyonga ya mwenzake. Tupa taulo katikati. Mkono mtupu usiingize; mimi nina kovu kwenye kidole gumba.

Kesho yake tena, na kesho kutwa. Tunapenda haraka sisi. Mnyama ananunuliwa Jumamosi, Jumapili mtu anataka picha wamekumbatiana. Kama wiki sita zinakushinda, nunua ua la plastiki. Nasema kwa ukali kwa sababu aliyelipa gharama ya haraka yangu ni Tende. Subiri. Hamisha maranda, subiri tena.

Na wewe dada, umesema jike wako anang'oa manyoya na kukusanya nyasi ilhali hajaona dume. Hiyo ni mimba ya uongo, huisha baada ya siku 16 hadi 18, na siku hizo mgeni asimsogelee kabisa. Huyo mpya mweke chumba kingine leo hii. Halafu nitumie picha ya chini ya mkia nikukagulie.