Trinidad, Cuba: siku mbili hazitoshi

Dada, umeuliza kama siku mbili Trinidad zinatosha kwa utamaduni na chakula. Ongeza ya tatu. Mji wenyewe utauzunguka kwa miguu, tena kwa viatu vya soli nene, maana mitaa ni mawe matupu. Ila bila kwenda Valle de los Ingenios, kwenye mashamba ya zamani ya miwa, yale majumba ya rangi pale Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, utayaona mapambo tu. Sukari ndiyo iliyoyajenga. Ukifika huko mashambani, panda mnara wa Manaca Iznaga, mita 45 hivi. Kutoka juu kule ndiko wasimamizi walikowachunga watumwa.

Usilale hotelini. Tafuta casa particular, chumba nyumbani kwa watu, na umwambie mwenye nyumba asubuhi unataka kula nini jioni. Agiza ropa vieja: nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa nyuzinyuzi, mchuzi wa nyanya na hoho, na wali wa maharage pembeni. Canchánchara ni pombe ya miwa, asali na ndimu katika kikombe cha udongo. Inashuka kama juisi, halafu miguu inagoma.

Beba yuro taslimu, kadi za benki za Marekani hazipiti. Na tochi, umeme unakatika sana.