Mgonjwa akifa na mnahisi kuna kosa, msinyamaze

Mleta mada, poleni sana kwa msiba wa mama yenu mdogo. Unauliza mfuatilie au myaache, maana wazee wanasema kazi ya Mungu haina makosa, na ninyi mliokuwa kitandani mnasema alianza kutetemeka na kulalamikia mgongo muda mfupi baada ya kutundikiwa damu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini na chumba cha upasuaji kwa miaka mingi. Fuatilieni.

Si kila anayefia hospitalini kafa kwa kosa. Wengine wanafika hali imeshakuwa mbaya, na kuna ugonjwa unaoshinda kila juhudi. Lakini dalili ulizotaja ndizo tunazofundishwa kuzichunga dakika 15 za kwanza za damu. Zikitokea, damu inafungwa hapohapo, daktari anaitwa, chupa inarudi maabara kupimwa upya pamoja na damu ya mgonjwa. Swali lenu la kwanza ni hilo: walifunga saa ngapi, na nani aliitwa?

Hospitali moja niliyofanya kazi walilazwa akina mama wawili, wote wakiitwa Asha. Usiku wodi nzima ilikuwa juu ya muuguzi mmoja. Damu ilipofika akaita "Asha!", akaitika yule aliyekuwa macho, kumbe siye aliyeandikiwa damu ile. Mkononi hakuna mkanda wa jina, na hakukuwa na mtu wa pili wa kulinganisha namba ya chupa na jalada. Nilipoingia zamu ya asubuhi, mkojo kwenye mfuko wa katheta ulikuwa mwekundu kama juisi ya rosela. Figo ziligoma, akafariki. Ndugu waliambiwa presha ilishuka. Muuguzi akasimamishwa kazi, basi. Wodi ile iliendelea kuita wagonjwa kwa jina moja, na usiku muuguzi alibaki peke yake vilevile. Kwangu mimi huo ndio ubaya mkubwa kuliko kosa lenyewe, kwa sababu mtego uliachwa palepale umtegee mwingine.

Na msidhani haya ni ya hospitali ndogo tu. Mwaka 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wote Emmanuel walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa kichwa alifariki. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, madaktari walifungua kichwa cha mgonjwa asiyehusika, wakatafuta damu iliyoganda wasiione.

Dawa yake inajulikana, wala si mashine za gharama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya vipengele 19 vya kukagua kabla, wakati na baada ya upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, timu nzima inasimama na kutaja kwa sauti mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande gani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya Ifakara yetu hapa, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nimekaa kwenye vyumba ambako inasomwa kweli, na vingine ambako karatasi inajazwa mgonjwa akiwa ameshatolewa. Tofauti unaiona.

Mmesema mmeshazika, kwa hiyo sasa karatasi ndizo zitakazosema. Mwandikieni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, barua, muombe maelezo ya maandishi: jalada lote, fomu ya damu, na rejista ya maabara inayoonyesha namba ya chupa na kundi lililopimwa. Msiende kwa kelele wala kumtafuta muuguzi wa zamu ile mtaani kwake. Wasipojibu, pandeni kwa mganga mkuu wa mkoa. Lalamiko juu ya daktari linapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, juu ya muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Na leo hii, kabla watu hawajatawanyika msibani, kila aliyekuwepo aandike kivyake alichoona na saa alizokumbuka, bila kupatana maneno kwanza. Barua iwe nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea mbele yenu, mrudi nayo nyumbani.