Harvard ilianzishwa kuzalisha wachungaji? Kwa anayeanza kuusoma mjadala huu

Wengine husema Chuo cha Harvard kilianzishwa kama seminari, wengine husema kilikuwa chuo cha elimu ya jumla. Kabla ya kuchagua upande, soma nyaraka zenyewe kwa mpangilio wa miaka. Oktoba 28, 1636, baraza la koloni la Massachusetts, koloni la Waingereza Amerika Kaskazini, liliidhinisha pauni 400 za kuanzisha shule au chuo: 200 mwaka unaofuata, 200 kazi ikikamilika. Azimio hilo halitaji dini, na wanafunzi wengi huteleza hapo hapo. Kumbuka kwamba katika koloni hilo la Wapuritani (Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa), haki ya kupiga kura ilikuwa ya washirika wa kanisa tu. Kimya cha karani aliyeandika azimio hakithibitishi lolote.

Wanaokiona chuo kama seminari huegemea kijitabu kilichochapishwa London mwaka 1643, New England's First Fruits, kinachoeleza hofu ya kuyaachia makanisa wachungaji wasiosoma. Jiulize kiliandikiwa nani. Wajumbe wa koloni walikuwa Uingereza wakichangisha fedha, na mwomba mchango hujua la kumwambia mtoaji. Tena usikate nukuu: kabla ya hofu hiyo, sentensi hiyo hiyo inataja kuendeleza elimu na kuirithisha vizazi.

Mwanahistoria Samuel Eliot Morison aliandika mwaka 1935 kwamba chuo kilifundisha elimu ya jumla kwa mtindo wa Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza. Mwanahistoria mwenzake Winthrop Hudson akampinga mwaka 1939 akisisitiza shabaha ya kuandaa wachungaji. Takriban nusu ya wahitimu wa karne ya 17 waliingia uchungaji, na kila upande huichukua nusu hiyo kama ushahidi wake! Ukiitumia, taja kama umehesabu waliohitimu au wote walioingia, maana baadhi waliondoka bila shahada.

Ratiba ya masomo ya Henry Dunster, rais wa chuo tangu 1640, ina uzito zaidi kwa maoni yetu. Mantiki, Kigiriki na Kiebrania vilikuwa vya wote. Teolojia ilipewa Jumamosi, na aliyetaka uchungaji aliendelea kuisoma baada ya shahada ya kwanza.

Hati ya chuo ya 1650 inataja kuwalea vijana wa Kiingereza na wa Kihindi (yaani wenyeji asilia wa Amerika) katika maarifa na uchaji wa Mungu. Isitumike kueleza nia ya 1636. Miaka 14 imepita.

Angalia pia kalenda: mwaka wa wakoloni hao ulianza Machi 25. Chuo kilipewa jina Machi 13, 1638 kwa hesabu yao, yaani 1639 kwa yetu. Usiporekebisha, utajikuta umekipa jina la John Harvard miezi sita kabla hajafa na kukiachia nusu ya mali yake.